Upande Haupatikani kwa Sasa

Nchi yenyewe sitaitaja. Bado nakaa humo, na wanangu wanasoma humo. Nitasema tu kwamba ni nchi nzuri, ina amani ya kutosha kuwagawia majirani, na kwamba hadi juzijuzi ilikuwa na pande nne kama nchi zingine zote.

Upande wa nne ulijitakia wenyewe. Siku ya uchaguzi watu wa Kaskazini walijipanga foleni tangu alfajiri, wakatumbukiza kura zao kwa adabu, na masanduku yalipofunguliwa ikaonekana wamemchagua mtu mwingine. Si kwamba huyo mtu mwingine alishinda. Hilo haliwezekani, sheria haina nafasi hiyo. Lakini walionekana wamejaribu. Kiongozi wetu, ambaye kisheria anaitwa Baba wa Pande Zote, aliumia moyo mpaka redio ikapitisha taarifa ya habari nzima bila kusema amefanya nini siku ile.

Kwanza mabasi ya Kaskazini yalisimamishwa ili yapakwe rangi. Rangi haijakauka mpaka leo. Kisha friji la dawa la zahanati ya Mwabuka, kijiji cha huko huko, likachukuliwa kwenda kukaguliwa, na likakaguliwa pamoja na dawa zilizokuwamo. Sisi tukasema, basi, hasira zimekwisha sasa. Huwa tunasema hivyo. Mwaka ule wa ukame tulipoambiwa neno "njaa" limeondolewa na badala yake tuseme "upungufu wa shibe", tulisema hasira zimekwisha. Bomba la Mwabuka lilipozinduliwa kwa mara ya nne, likatoa maji kwa muda wa hotuba kutoka kwenye lori lililofichwa kichakani, tulipiga makofi tukasema hasira zimekwisha. Wenzangu husahau haya. Mimi kichwa changu ni kibovu, hakisahau.

Safari hii walikuja na dira.

Kila pikipiki nchini kwetu lazima iwe na kioo cha dira kwenye usukani, kimefungwa na Mamlaka ya Taifa ya Mielekeo kwa nati ambazo fundi wa kawaida hana spana yake. Ni chombo kizuri. Kinakuonyesha unakoelekea, na kinaionyesha Mamlaka pia. Asubuhi moja, jua likiwa bado halijafika utosini, vioo vyote vikazimika kwa pamoja, halafu vikawaka na maneno haya: "Tunaboresha mielekeo yako. Usizime kioo. Usiulize."

Maboresho yalipokwisha, Mashariki ilikuwa pale pale, Magharibi pale pale, na Kusini imeongezewa maua pembeni. Pale palipokuwa pameandikwa KASKAZINI palikuwa na picha ya Baba akitabasamu. Ukigeuza pikipiki kumwelekea, tabasamu linapungua. Ukimwelekea sawasawa, anakunja uso, injini inakata, na sauti ya dada mmoja mwenye malezi mema inasema, "Upande unaoutaka haupatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu upande mwingine."

*

Saa hiyo Malimi alikuwa mjini, na kwao ni Mwabuka.

Malimi ni dereva wa bodaboda, mtu mpole ambaye hajawahi hata kuibishia redio. Jioni ya jana yake mkewe, Mwasiti, alikuwa anang'oa karanga. Alipovuta shina la mwisho la tuta, chini ya majani makavu alikuwa amelala kifutu, akamng'ata juu ya kifundo cha mguu. Nesi Perpetua wa zahanati alimlaza, akamfunga mguu kwa ubao usicheze, akasema: "Shemeji, huyu asitikiswe kwenye barabara ile. Sindano ya sumu ya nyoka sina, walikwenda nayo na friji. Kimbia mjini ukailete. Kifutu haui upesi, lakini hasahau."

Malimi akashuka mjini kulipopambazuka. Kushuka ni kusini, na kusini hakujawahi kukatazwa. Stoo ya hospitali kuu wakampa vichupa vya dawa, wakavizika ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, na mtunza stoo akamwonya: "Barafu ikiisha kabla hujafika, dawa imekufa. Usije ukanirudia hapa kulalamika."

Alipogeuza pikipiki kurudi, Baba akakunja uso.

"Umeishiwa mafuta?" akauliza Chikoti. Chikoti ni rafiki yake wa kijiweni, mtu wa mdomo mrefu na miguu mifupi.

"Ninayo tele."

"Geuza huku. Inawaka? Geuza na huku. Inawaka. Haya, mrudishe kwa mzee."

Injini ikakata. Dada mwenye malezi mema akaomba ajaribu upande mwingine.

"Imekufa," akasema Malimi.

"Haijafa, imenuna. Tumenuniwa, mwanangu! Upande mzima!"

Kijiwe kizima kilikuwa kinafanya hivyo hivyo, pikipiki zinazungushwa papo hapo kama kuku aliyekatwa kichwa. Mmoja alisema abiria wake, mama wa kwaya, kamwacha njia panda anakemea pepo aliyeingia kwenye kabureta. Mwingine akauliza kama kuna mtu wa Mwabuka ambaye pikipiki yake imebaki huko juu. Wakatazamana. Ilikuwa siku ya soko. Pikipiki zote za Mwabuka zilikuwa zimeshuka asubuhi na abiria, na hakuna hata moja iliyoweza kupanda.

"Nenda Mamlaka," Chikoti akamwambia Malimi. "Hii ni hitilafu tu. Waeleze mgonjwa yupo, watakubonyezea."

Malimi akafungua chupa kidogo, akachungulia barafu, akafunga haraka kama mtu aliyechungulia chumba cha wakwe.

*

Mkurugenzi wa Mamlaka ya Taifa ya Mielekeo ni Injinia Dokta Mpelumbe, ambaye udokta alipewa kwanza na uinjinia ukamfuata. Alikuwa ukumbini akiwaeleza waandishi wa habari mafanikio ya sasisho. Malimi akainua mkono wenye chupa ya chai, na kwa kuwa waandishi hawakuwa wameleta swali lolote, akaruhusiwa.

"Mheshimiwa, mke wangu ameng'atwa na nyoka."

"Pole. Upande gani?"

"Mguu wa kulia."

"Upande gani wa nchi, bwana mdogo."

"Kaska..."

Ukumbi mzima ukakohoa. Mkurugenzi akainua kidole.

"Tusipotoshe umma. Huo upande haujafutwa. Umepumzishwa. Mtu akichoka si anapumzika? Pande zingine zilikuwa zinafanya kazi, huo ukawa unapiga kelele. Sasa unapumzika, na nchi nzima inapata usingizi." Waandishi wakaandika neno usingizi. "Kulitaja jina lake hadharani, kuanzia adhuhuri hii, ni kosa la uchochezi wa mwelekeo. Wewe hujamaliza kulitaja, kwa hiyo nimekusamehe."

"Ahsante, Mheshimiwa. Sasa nitafikaje nyumbani?"

Hapo Injinia Dokta Mpelumbe alitabasamu. Ni swali alilokuwa analisubiri tangu asubuhi.

"Dunia, bwana mdogo, ni mviringo. Hilo liligunduliwa zamani na serikali hii imeliridhia. Elekea kusini, ambako tumekuwekea maua. Usigeuke. Usikate tamaa. Endelea kusini mpaka kusini kuishe, uendelee tena, na ipo siku utatokea nyuma ya nyumba yako."

"Kusini kuna bahari, Mheshimiwa."

"Hilo peleka Wizara ya Bahari."

"Barafu inayeyuka."

"Kwa hiyo huoni kwamba unachelewa hapa?"

Makofi yakapigwa. Mlangoni kulikuwa na kidude chenye uso wa furaha, mwananchi akibonyeze kueleza alivyohudumiwa. Uso wa huzuni ulikuwa umeng'olewa, likabaki tundu. Malimi alisimama mbele ya lile tundu kidogo. Halafu akabonyeza furaha, maana mlango ulikuwa haufunguki bila hivyo.

*

Aliyetoa wazo ni Chikoti.

"Sikia. Hiki kidude kinatazama pua ya pikipiki. Matairi hakiyatazami. Pua ikielekea kusini, chenyewe kimeridhika. Sasa sisi tukiivuta kinyumenyume?"

"Yaani twende huku tumegeukia kule?"

"Eeh. Wao wanataka heshima, tuwape heshima. Hatuwapi mgongo."

"Si bora niiache niende kwa miguu, mbio?"

"Umesikia tangazo? Anayepanda huko kwa miguu bila dira ni mzururaji. Bila kile kioo hupiti kizuizi."

Basi wakaanza. Malimi alishika usukani, uso wake ukiutazama mji anaouacha, Chikoti akawa nyuma anavuta keria. Chupa ya chai ilining'inia shingoni mwa Malimi kwa kamba ya kiatu. Kioo kilionyesha maua. Dada mwenye malezi mema akasema, "Safari njema ya kusini."

Walikokota hivyo mpaka kizuizi cha mwisho wa mji. Hapo alikuwepo Koplo Ndimbo, kijana mwenye sare kubwa kuliko yeye, amepewa amri mpya asubuhi ile na bado hajaielewa.

"Simama! Wewe unakuja au unakwenda?"

"Nakuja, afande," akasema Malimi. "Si unaona nilivyoelekea?"

"Mbona kadiri unavyokuja ndivyo unavyonipita?"

"Ni mteremko, afande," akadakia Chikoti.

"Huu ni mpando."

"Basi ndiyo maana tumechoka."

Koplo akaizunguka pikipiki. Akatazama kioo, kinasema kusini. Akatazama matairi, akatoa kofia, akajikuna. "Hili ni kosa," akasema mwishowe. "Sijui jina lake, lakini ni kosa. Pikipiki hii ni kidhibiti." Ikapakiwa kwenye lori la polisi lililokuwa linarudi mjini, na lori likaondoka bila matata, maana lilikuwa linaelekea kusini.

Malimi alipiga magoti. Mimi sipendi kueleza mtu mzima alivyopiga magoti, kwa hiyo nitaeleza kilichotokea nyuma yake.

Nyuma yake ulikuwa umefika msafara wa Baba wa Pande Zote.

*

Baba alikuwa anakwenda Mwabuka kuzindua kutokuwepo kwa Kaskazini. Kila kitu nchini kwetu kisipozinduliwa kinahesabika hakijafanyika. Lori moja lilibeba jiwe la kumbukumbu, lingine lilibeba wacheza ngoma. Lakini magari ya serikali nayo yalikuwa na dira, na Mamlaka, kwa uaminifu wake, haikumbagua mtu. Hapo hapo kwenye kizuizi, barabara yao ilipopinda kuelekea juu, msafara wote ukakata injini, na kutoka kila gari, moja baada ya lingine, dada mwenye malezi mema akawaomba wajaribu upande mwingine.

Mpambe wa Baba, mtu mwenye miwani myeusi na mkoba usiofunguliwa, aliteremka akiwa ameloa jasho.

"Baba anauliza kwa nini tumesimama. Nimwambie nini?"

"Mwambie magari yamesimama kwa heshima," akasema mkuu wa msafara.

"Nimeshamwambia. Anauliza heshima hiyo inaisha lini."

Msomaji anaweza kuuliza, si wageuze magari, waweke rivasi, waende kinyumenyume? Anayeuliza hivyo hana kumbukumbu. Mimi ninayo. Mwaka ule wa kaulimbiu ya "Haturudi Nyuma", gia za rivasi ziling'olewa kwenye magari yote ya serikali, zikatiwa kwenye kisanduku cha kioo, zikapelekwa makumbusho. Tangu hapo mawaziri wakikosea njia wananunuliwa gari lingine huko huko walikofika.

Koplo Ndimbo akaeleza alivyomkamata Malimi. Mpambe akavua miwani.

"Nani kabuni hilo? Wewe? Simama. Kuanzia sasa si kosa, ni uzalendo."

"Pikipiki yangu je?"

"Hiyo inabaki kosa."

Magari yakageuzwa kwa mikono, pua zote kusini. Wapita njia wakakusanywa, wauza mahindi, mafundi, akina mama waliokuwa wanatoka kliniki, wakapangwa mbele ya kila boneti wayasukume magari kinyumenyume mpaka Mwabuka. Injini zikakatazwa kuwashwa, gari lisije likarukia kusini na wananchi wako mbele. Kwa mara ya kwanza siku ile Malimi alipata tumaini. Kulisukuma gari la Baba ndiyo ilikuwa njia pekee halali ya kwenda nyumbani kwake.

"Chikoti, sukuma kaka."

"Nasukuma. Lakini ndugu yangu, kwa pikipiki ungeshafika ukapika na ugali."

Malimi alikuwa anasukuma boneti la gari la Baba mwenyewe. Kwa hiyo walikuwa wanatazamana. Baba nyuma ya kioo cha mbele, amekaa, anapunga mkono kwa watu anaowaacha. Malimi nje, mikono kwenye bati la moto, chupa ya chai ameiweka kwenye boneti chini ya kidevu chake aione. Kila walipofika kwenye shimo, vipande vya barafu viligongana ndani, na yeye akisikia vinagongana anajua bado vipo.

Jua liliwaka. Gari bila injini ni chungu. Baba akaacha kupunga, akafungua kifungo cha shati, akasema neno kwa mpambe. Mpambe akateremka, akatembea sambamba na gari, macho yake yakatua kwenye boneti.

"Humu kuna nini kinachogonga?"

"Dawa, mzee. Ya mke wangu. Kang'atwa na nyoka."

Mpambe akafungua. "Barafu!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona almasi.

"Mzee, nakuomba. Barafu ikiisha, dawa imekufa."

"Wewe vipi? Nimekugusia dawa?" Akavitoa vichupa kimoja kimoja, akampangia kwenye mfuko wa shati kwa upole kabisa. "Dawa yako hiyo. Serikali hii haichukui dawa za wananchi. Nachukua barafu tu."

"Twende na Baba akanywe mtoni, mto uko pale mbele!" Malimi akasihi.

"Baba anywe mtoni?"

Malimi aliacha kusukuma. Wa upande wa kushoto wakaelemewa, gari likayumba, askari akamzaba kofi la mgongo. Akarudisha mikono. Kupitia kioo alimwona Baba wa Pande Zote akitia kipande cha kwanza mdomoni, akakitafuna, akafumba macho kwa raha. Kisha cha pili. Alipofumbua macho wakawa wanatazamana tena, na Baba, ambaye ni mtu wa watu, akampungia mkono.

*

Mwabuka walifika jua likiwa limeinama. Watu walijaa barabarani, kwa kuwa hawakuwa wameambiwa kwamba hawapo. Baba alipanda jukwaani.

"Ndugu zangu," akasema, "nimetoka mbali kuja kuwahakikishia jambo moja. Hapa hapapo."

Wakapiga makofi. Ni mazoea.

"Mliokuja kunipokea hampo. Lakini nimefurahishwa sana na mapokezi yenu, na ningewashukuru kama mngekuwepo."

Pazia likavutwa, jiwe likaonekana, limeandikwa jina lake na tarehe, na chini pameachwa wazi, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kutaja.

Malimi hakuyasikia hayo. Alikuwa ndani ya zahanati, ameviweka vichupa mezani. Nesi Perpetua alikiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Akakiinua cha pili. Dawa ilikuwa imekatika kama maziwa, uzi mweupe unaelea juu, maji chini.

"Mchome," Malimi akasema.

"Shemeji."

"Mchome hivyo hivyo."

"Siwezi. Nikimchoma hii nitakuwa nimemuua mimi, nyoka nimempumzisha."

Mwasiti alikuwa macho. Mguu ulikuwa umevimba mpaka nyonga, umebadilika rangi, ngozi inang'aa kama bilinganya. Midomo imekauka, lakini maneno yalikuwa yake.

"Umechelewa. Ulipitia wapi?"

"Kusini."

"Nikajua umepata mwingine."

"Ningempeleka wapi, na pikipiki wameichukua?"

Akacheka kidogo, kicheko kikamuuma, akashika kitanda. Nesi akamvuta Malimi pembeni. "Sasa kumtikisa au kutomtikisa ni mamoja. Mpeleke hospitali kuu leo hii. Kesho ni kuukata mguu. Keshokutwa hata mimi sijui."

Malimi akakimbia nje. Na huko nje, msomaji, kulikuwa na jambo ambalo lingemtia furaha mtu yeyote: msafara mzima, magari kwa magari, pua zote zimeelekea kusini, madereva wanawasha injini, na injini zinaitika. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu kwenye karibu kila gari.

Akamkamata mpambe mkono. "Mzee, mke wangu. Kiti kimoja. Atalala hata chini ya kiti. Mimi nitabaki."

"Viti hivyo ni vya heshima."

"Havina mtu!"

"Ndiyo heshima yenyewe. Baba anaondoka na viti vitupu na anarudi na viti vitupu vile vile. Nikirudi na mtu ndani nitaonekana nimeokota." Akautoa mkono wa Malimi taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. "Lakini umesukuma vizuri. Nimekutazama."

Msafara ukaondoka. Kwenda ulikwenda alasiri nzima kwa migongo ya watu, kurudi ulirudi kwa muda wa kuvuta sigara. Vumbi lake likawafunika waliousukuma, wakabaki weupe, wamesimama, mikono bado iko mbele.

*

Walimbeba kwa kitanda. Chikoti, wauza mahindi wawili waliokuwa wamesukuma naye, majirani, kwa zamu. Nesi Perpetua alikwenda pembeni na chupa ya maji. Safari hii waliona hawana wasiwasi na sheria. Wanakwenda kusini, uso mbele, mgongo nyuma, kama inavyotakiwa.

Alfajiri wakafika kizuizini. Koplo Ndimbo alikuwa bado zamu, macho mekundu.

"Mnakwenda wapi?"

"Kusini, afande. Hospitali."

"Vizuri sana. Kusini ruksa." Akanyanyua kamba ya kizuizi. Halafu akakumbuka, akaishusha. "Mnatoka wapi?"

Wakakitua kitanda.

"Nauliza mnatoka wapi."

"Nyumbani," akasema Chikoti.

"Nyumbani upande gani?"

"Upande wa... Mashariki. Ila Mashariki ya huku juu."

"Huku juu hakuna kitu. Nina amri hapa." Koplo alikuwa anakaribia kulia. "Jamani nisaidieni. Mnakwenda kusini, nawaona. Lakini siwezi kumpitisha mtu asiyetoka popote. Mmetokeaje? Semeni Magharibi basi, niwapitishe!"

"Magharibi," wakasema wote kwa pamoja.

"Magharibi kuna kizuizi chake. Mngepita kule."

Malimi alimshika ukosi. Wenzake wakamtoa. Kitanda kilikuwa kimewekwa chini barabarani, na kutoka chini ikatoka sauti ya Mwasiti, dhaifu lakini haina haraka.

"Kaskazini."

Wauza maziwa waliokuwa foleni nyuma yao wakageuka.

"Mama," akasema Koplo, akainama mpaka kofia ikamwanguka, "mama yangu, hujasema kitu. Unaumwa. Umeweweseka tu."

"Sijaweweseka. Natoka Kaskazini. Mwabuka, ng'ambo ya kile kisima cha misheni. Nimezaliwa huko na karanga zangu ziko huko juani sasa hivi, sijui nani atazianua. Kaskazini. Unataka nirudie?"

Koplo hakutaka arudie. Wasikilizaji walikuwa wengi mno, hata foleni ya wauza maziwa imesikia. Akaita kwenye redio. Gari la polisi likaja mbio, likageuza, pua kusini. Uchochezi wa mwelekeo, akasomewa hapo hapo akiwa kitandani, na akanyanyuliwa na shuka lake.

"Mnampeleka wapi?" Malimi akapiga kelele. "Mtu anakufa, mnampeleka rumande?"

"Hospitali kuu kwanza," akasema askari wa gari, amechoka na maswali. "Mtuhumiwa lazima afike mahakamani mzima. Ndiyo sheria."

Na ni kweli ndiyo sheria. Mimi naikumbuka ilivyotungwa. Mwaka fulani mahabusu wote wa uchochezi walifariki kwa kipindupindu kabla ya hukumu, na Baba akafika kwenye sherehe za uhuru hana hata mmoja wa kumsamehe. Aliaibika mbele ya mabalozi. Tangu hapo mtuhumiwa wa uchochezi anatibiwa kwanza, kwenye wodi yenye feni na dawa zote, na daktari anayemhudumia hathubutu kuchelewa. Raia hana wodi hiyo.

Malimi alichukua muda kuielewa. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba Mwasiti, nikamwona anaielewa. Alimtazama mkewe anavyolazwa kwenye kiti cha gari, kiti kizima peke yake, dereva akiambiwa "kimbiza, huyu asitufie". Alishika mlango.

"Nipande naye."

"Hili ni gari la watuhumiwa."

"Basi na mimi. Kaskazini."

Askari akatazama upande mwingine. "Sijakusikia."

"Kaskazini!"

"Kaka, tumeshapata mmoja. Ripoti imeshakwenda imesema mmoja. Nikifika na wawili nitaulizwa wa pili nimemtoa wapi." Akaubana mlango. Gari likaondoka.

Akalikimbilia. Koplo Ndimbo hakumzuia, alikuwa anaokota kofia yake. Malimi alikimbia katikati ya barabara ya kusini, viatu vimemtoka, akilitaja jina la upande wetu kwa sauti yake yote, asubuhi kweupe, mbele ya askari na wauza maziwa, Kaskazini, Kaskazini, Kaskazini, na hakuna aliyekubali kumkamata.